ATR 72-600 au Dash 8-400: pangaboi gani inafaa njia zetu?

Mwaka 2016, Dash 8-400 mbili za kwanza za Air Tanzania zilipotua Dar es Salaam, maneno hayakuisha. Watu walisubiri jeti, wakaona mapanga, na jina la pangaboi likasambaa haraka kuliko ratiba ya safari. Siku hizi utani umepoa. Mtu wa Songea, Mpanda au Kigoma anajua kuwa bila pangaboi angekuwa ndani ya basi, na "bombadia" limekuwa jina la kawaida hata kwa wasiojua kuwa Bombardier wenyewe, watengenezaji wake wa Kanada, walishauza mradi wa ndege hiyo zamani.

Swali lililobaki ni la wenye mtaji, na la sisi tunaopenda kubishana kuhusu ndege: kampuni ya Afrika Mashariki inayotaka ndege ya abiria sabini na ushee ichukue ATR 72-600 au Dash 8-400? Kwa ukubwa huo hakuna wa tatu wa kuwatisha. Jibu langu nalitoa mapema. Njia zako nyingi zikiwa chini ya kilometa 500, chukua ATR. Zikiwa ndefu kuliko hapo, au ukiwa unaruka kutoka nyanda za juu jua likiwa kali, Dash ina hoja nzito, ila ujue unaingia kwenye ndege ambayo kwa sasa hakuna kiwanda kinachoitengeneza.

Na tuliweke sawa hili la "teknolojia ya zamani". Ndani ya injini ya pangaboi kuna jeti: inavuta hewa, inaibana, inachoma Jet A-1 ileile inayochomwa na Dreamliner. Tofauti ni kwamba nguvu yake inapita kwenye gia na kuzungusha mapanga, badala ya kutoka nyuma kama mkondo wa gesi. Kwa mwendo wa wastani na safari fupi, mapanga yanasukuma hewa nyingi kwa mafuta kidogo. Ndiyo maana bado yanauzwa.

Kwa ufupi zinakaa hivi:

| | ATR 72-600 | Dash 8-400 |
|---|---|---|
| Asili | Ufaransa na Italia | Kanada |
| Viti | 70 hadi 78 | 74 hadi 90 |
| Nguvu ya kila injini | takriban farasi 2,500 hadi 2,750 | takriban farasi 5,000 |
| Mwendo wa juu angani | takriban km 510 kwa saa | takriban km 660 kwa saa |
| Uzito wa juu wa kuruka | tani 23 | tani 29 hadi 30 |
| Barabara ya kurukia (usawa wa bahari, mzigo kamili) | takriban mita 1,300 | takriban mita 1,400 |
| Masafa ikiwa imejaa abiria | takriban km 1,400 | takriban km 2,000 |
| Abiria wanapandia | nyuma | mbele |
| Mpya kutoka kiwandani | ndiyo | hapana, kwa sasa |

Injini zote mbili ni za Pratt & Whitney Canada, kwa hiyo ugomvi wa nani ana injini bora haupo. Ugomvi uko kwenye falsafa. ATR, ubia ulioanzishwa mwaka 1981 na makao yake yako Toulouse, waliamua tangu mwanzo kuwa pangaboi isijifanye jeti: iwe nyepesi, iende polepole, inywe kidogo. Wakanada walikwenda upande mwingine. Dash 8 ya kwanza iliruka mwaka 1983 ikiwa ndege ndogo ya viti thelathini na kitu, ikarefushwa na kurefushwa, hadi mwaka 1998 ikaruka hii ya -400 yenye injini kubwa mno kwa umbo lake, lengo likiwa kukimbizana na jeti ndogo.

Dakika zinazookolewa, na zisizookolewa

Wauzaji wa Dash huanza na kasi, nasi tuanzie hapo. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilometa 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa mwendo wa angani tu, ATR inahitaji karibu saa moja na dakika 40, Dash saa moja na dakika 18 hivi. Ni dakika ishirini na ushee. Dar hadi Kilimanjaro, kilometa 450, tofauti inashuka hadi dakika 12. Dar hadi Zanzibar haipo kabisa, kwa sababu ndege haijamaliza kupanda inaanza kushuka, na hapo anayekimbia na anayetembea wanafika pamoja.

Abiria hajali dakika 12. Atazimaliza akisubiri begi. Lakini mpanga ratiba anajali dakika ishirini na ushee zikijirudia mara nne kwa siku, kwa sababu sasa ana saa moja na nusu mkononi, na ndani ya saa moja na nusu kuna safari nyingine ya Dodoma au Zanzibar. Hapa kwetu kuna jambo ambalo vipeperushi vya Toulouse na Toronto havilitaji: viwanja kadhaa vya mikoani havina taa za kutulia usiku. Ndege ikichelewa asubuhi kwa ukungu au kwa fundi, siku inaanza kufupika, na safari ya mwisho ya jioni inafutwa kwa sababu jua litazama kabla haijafika. Ndege yenye mwendo inaweza kufidia kuchelewa kidogo kidogo katika kila safari. Hii, kwangu, ndiyo hoja bora ya Dash katika njia za Bukoba na Kigoma, ambako ni kilometa elfu moja na zaidi kutoka Dar, na siyo ile ya abiria kufika mapema.

Kiu

Upande wa pili wa kasi ni mafuta. ATR angani inatumia kama kilo 700 hadi 800 kwa saa. Dash ikiachiwa mwendo wake inapita tani moja kwa saa bila shida. Kwa hesabu ya juu juu, safari ya Mwanza itamaliza kama kilo 1,300 za mafuta kwa ATR na kama 1,700 kwa Dash. Gawanya kwa viti: ATR ya watu 70 inatumia kilo 18 hadi 19 kwa kila kiti, Dash ya watu 76 (idadi ya viti vya Dash za Air Tanzania) karibu 22. Kumbuka mafuta ya ndege Mwanza au Kigoma hayauzwi bei ya Dar. Yamesafirishwa kwa lori hadi huko.

Watetezi wa Dash watakwambia rubani anaweza kupunguza mwendo na kuokoa. Ni kweli, na kampuni nyingi hufanya hivyo. Lakini ukishapunguza mwendo, umebaki na ndege nzito ya tani 30 inayokwenda kama ATR. Na uzito huo una bili zake: ada za kutua na za kuongozwa angani hutozwa kwa kuangalia uzito wa juu wa ndege, hata kama leo umebeba abiria thelathini tu.

Injini nazo. Za ATR mpya ni toleo la PW127XT, ambalo watengenezaji wanasema linakaa kwenye bawa asilimia 40 zaidi kabla ya kushushwa kwa matengenezo makubwa, na kupunguza mafuta kwa asilimia 3. Ahadi za mtengenezaji zipokelewe kwa tahadhari. Ila hata nusu ya hiyo ni pesa nyingi, kwa sababu kwenye pangaboi matengenezo ya injini ndiyo yanayokula faida, kimyakimya, miaka mitatu minne baada ya sherehe ya kupokea ndege.

Joto na milima

Hapa Dash inacheka. Chukua nguvu za injini zote mbili ugawanye kwa uzito: Dash ina farasi zaidi ya 330 kwa kila tani, ATR kama 220 hadi 240. Pwani tofauti hiyo huioni. Nenda Nairobi, mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, au Eldoret, mita 2,100 na kidogo, au Addis Ababa, mita 2,300 na zaidi. Hewa ni nyepesi, saa nane mchana joto limeifanya nyepesi zaidi, na bawa na injini vyote vinakosa kitu cha kushika. Kanuni inataka ndege iweze kuendelea kupanda hata injini moja ikizimika katika sekunde mbaya kuliko zote, pale inapoiacha ardhi. Ikiwa haiwezi, unapunguza uzito, na uzito unaopunguzwa ni abiria waliolipa au mabegi yao.

Na injini moja ikizimika ndege ikiwa tayari juu, inashuka hadi kimo ambacho injini iliyobaki inaweza kukihimili. Kwa Dash kimo hicho kiko juu sana kuliko cha ATR. Juu ya Ziwa Victoria haikusumbui. Juu ya milima ya Ethiopia ni suala la njia kuruhusiwa au kutoruhusiwa, na si ajabu Ethiopian Airlines wamejenga mtandao wao wa ndani juu ya Dash 8-400, na RwandAir, wanaoishi Kigali mita 1,490 juu, nao wana mbili.

Kwa haki ya ATR: barabara fupi inaipenda. Na ndugu yake mdogo, ATR 42-600, anaingia mahali ambapo wote wawili hawa wanasita. Anatumia chumba cha rubani kilekile na cheti kilekile cha urubani, ana viti 48, na kwa kuwa kanuni ya kawaida ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, anaruka na mhudumu mmoja. Kampuni yenye ATR 72 tatu na ATR 42 mbili inawahamisha marubani huku na huko kutegemea tiketi zilizouzwa. Precision Air wamekuwa wakiishi kwa mtindo huo wa 42 na 72. Wakanada nao walikuwa na Dash ndogo za -100 na -300, na Kenya, hasa kiwanja cha Wilson jijini Nairobi, zimejaa, lakini zilishakoma kutengenezwa, na injini na sehemu nyingi za -400 ni nyingine kabisa.

Kwenye lami

Simama kwenye kiwanja cha mkoani uangalie ATR ikipokea abiria. Mlango wa nyuma kushoto umeshuka ukiwa ngazi, watu wanapanda wakiwa wameinamisha vichwa. Chini ya mkia fundi ameweka nguzo, kwa sababu abiria wakijaa nyuma kabla mizigo haijapakiwa mbele, ndege inaweza kukaa kitako. Mabegi yanaingia kwa mlango wa mbele, uko chini kiasi kwamba vijana wawili wanapokezana kwa mikono bila mashine. Halafu tazama injini ya kulia: inanguruma, lakini mapanga yake yamesimama kabisa. Yamefungwa breki. Marubani huita hali ya hoteli: injini inatoa umeme na hewa ya kupooza wakati hakuna kinachozunguka nje cha kumkata mtu. Kwa hila hiyo ATR haikuhitaji injini ndogo ya mkiani, na uzito wake ukaokolewa.

Dash hupandiwa mbele, ina miguu mirefu inayojikunja ndani ya nyumba za injini, na mlango wake mkubwa wa mizigo uko nyuma na juu. Inabeba mizigo mingi zaidi, jambo la maana ukiwa na abiria wa biashara wenye mabegi ya kilo 23 mawili mawili, lakini unahitaji mkanda wa kupakilia au vijana warefu. Urefu wake, karibu mita 33, pia unamdai rubani adabu: akinyanyua pua kupita kiasi wakati wa kuruka au kutua, mkia unagusa lami. Marubani wapya wa Dash hufundishwa hilo hadi waote.

Kwa mwenye tiketi

Viti ni viwili kwa viwili kote, upana wa ndani karibu sawa, na hakuna kiti cha katikati. Kelele ndiyo tofauti. Dash ina maikrofoni zilizofichwa ndani ya kuta na vifaa vinavyotikisika kinyume cha mtetemo wa mapanga ili kuuua. Herufi Q katika jina lake la biashara, Q400, ilitangaza ukimya huo. Inasaidia, ila usitegemee miujiza ukikaa sambamba na mapanga. ATR haina mtambo huo, ila safu zake za nyuma ni tulivu kuliko watu wanavyodhani, na ukikaa huko unashuka wa kwanza. Katika ndege zote mbili kanuni ni moja: nyuma ya bawa.

Misukosuko ya mawingu haina mwenye afadhali. Zote zinaruka chini ya futi 25,000 au 27,000, wakati wingu la mvua la Ziwa Victoria linapita 40,000. Hakuna kuliruka, ni kulizunguka.

Ajali, kwa kuwa utauliza

Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walikufa 19. Januari 2023 ATR 72 ya Yeti Airlines ilianguka Pokhara, Nepal, na kuua wote 72. Uchunguzi ulionyesha kuwa rubani alivuta vishikio visivyo sahihi, na mapanga yakaacha kusukuma hewa. Agosti 2024 nyingine ya Voepass ilianguka Vinhedo, Brazili, ikiwa imeruka kwenye mazingira ya barafu, wakafa 62. Barafu ni hadithi ndefu ya ATR tangu ajali ya Roselawn, Marekani, mwaka 1994, iliyoua 68, baada yake mifumo ya kuyeyusha barafu mabawani ikapanuliwa na taratibu zikabadilishwa. Usidhani haituhusu sisi wa tropiki: futi 18,000 juu ya Mwanza, ndani ya wingu, ni chini ya sifuri.

Dash nayo ina yake. Mwaka 2007, ndani ya wiki chache, magurudumu ya Dash 8-400 tatu za SAS, shirika la ndege la Skandinavia, yaligoma wakati wa kutua, mara mbili kwa sababu ya kutu kwenye kifaa cha kukunja mguu. Hakufa mtu, lakini SAS waliziondoa zote. Mwaka 2009 ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na kuua 50. Kosa lilikuwa la rubani kuvuta usukani pale alipopaswa kuusukuma. Ukisoma ripoti hizi zote, mafunzo ya wafanyakazi na nidhamu ya kampuni vinajitokeza mara nyingi kuliko jina la kiwanda. Mimi nikichagua tiketi naangalia kampuni.

Soko linavyoamua badala yako

Bombardier waliiuza Dash 8 mwaka 2019 kwa kampuni iliyorudisha jina la kale la De Havilland Canada. Mwaka 2021 mstari wa Downsview, Toronto, ukafungwa. Kiwanda kipya kimetangazwa katika jimbo la Alberta, lakini Dash mpya haijatoka. Wanachofanya sasa ni kuchukua zilizotumika, kuzikarabati na kuziuza tena kwa dhamana ya kiwanda. ATR wao walikabidhi ndege 36 mwaka 2023 na 35 mwaka 2024. Ni chache, na bila mshindani hawana haraka ya kukupunguzia bei.

Kuanguka kwa Flybe ya Uingereza Machi 2020, na Horizon Air ya Marekani kuachana na Dash Januari 2023, kulimwaga Dash nyingi sokoni. Qantas wa Australia walikwenda kuokota zilizotumika kwa ajili ya njia zao za ndani, na hawa si watu wa kununua vyuma chakavu. Kwa mtaji mdogo, Dash yenye miaka kumi na tano inaweza kuwa dili. Jambojet wa Kenya wamejenga safari zao za Mombasa, Kisumu na Malindi juu ya ndege hizi, na karakana ya Ethiopian Addis Ababa inazijua nje ndani. Kwa ATR, mafundi wenye uzoefu wako Dar.

Kuna wanaosema ruka hatua, nunua jeti ndogo. Kwa Dar hadi Johannesburg, sawa. Kwa Dar hadi Iringa, hapana, na Air Tanzania walionja mwaka 2022 ndege zao za Airbus A220 zilipoegeshwa kwa kukosa injini.

Ukiamua Dash iliyotumika, usianze na rangi wala viti. Omba kwanza rekodi za magurudumu: lini yamefanyiwa ukarabati mkubwa na yamebakiza kutua mara ngapi. Kisha saa za kila injini tangu ishushwe mara ya mwisho, na mapanga vivyo hivyo. Uliza ndege iliegeshwa wapi wakati wa korona, jangwani au karibu na bahari, maana chumvi haina huruma. Ukiamua ATR, uliza foleni ya kiwanda ni ya miezi mingapi, nani atakupa injini ya kuazima ya kwako ikishushwa, na kama bei ya mkataba wa matengenezo imefungwa kwa dola kwa saa au inapanda kila mwaka. Ukurasa wa mwisho wa mkataba huo usomwe na mwanasheria wako, siyo wa muuzaji.